Jeli ya silikoni kwa makovu ya tetekuwanga: uzoefu wangu baada ya miezi mitatu, Mbeya

Nimeipaka miezi mitatu kamili, asubuhi na usiku, kwenye makovu ya aina mbili: yaliyovimba kifuani na yaliyodidimia shavuni. Ya kifuani yameshuka na kulainika, na muwasho umekoma. Mashimo ya shavuni yako vilevile. Sikushangaa: silikoni hufunika kovu na kutunza unyevu, mwili ukapunguza kuzalisha nyuzi za kolajeni zinazolivimbisha. Kujaza palipokwisha kuliwa haiwezi. Kwa hiyo pitisha kidole juu ya kovu lako kabla ya kutoa hela.

Wengi hukosea kwa kupaka nyingi. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha makovu mawili madogo. Osha, kausha, paka utando mwembamba, subiri dakika 4 au 5 ndipo uvae. Ukiipaka juu ya mafuta ya mgando haishiki. Inajiviringisha vipunje vyeupe kama mabaki ya ufutio kwenye daftari, na kola ya sweta inamalizia kuibandua. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai hakuna anayetoka bila mafuta, basi jeli itangulie, mafuta yapite pembeni ya kovu.

Usianze kabla magamba hayajadondoka yenyewe. Kuyabandua huongeza hatari ya kubaki na mashimo.

Madoa meusi ni rangi iliyobaki tu, na jeli haikuyagusa. Yanataka muda na kinga ya jua. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua huku ni mikali hata ukiwa unatetemeka kwa baridi. Paka losheni ya kuzuia jua, SPF 30 au zaidi, urudie kila saa mbili ukiwa nje. Au vaa kofia pana.

Nawasihi, msikimbilie mikorogo. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na krimu za steroidi zikipakwa kiholela hukondesha ngozi, kovu likazidi kuonekana.

Mashimo mpelekee daktari wa ngozi. Yeye hutumia sindano ndogondogo za kuichochea ngozi ijijenge upya, au tone la tindikali ya TCA ndani ya kila shimo. Tindikali hiyo usiijaribu nyumbani: ngozi nyeusi ikiungua hubaki na doa baya kuliko kovu lenyewe.