Kozi ya mikono ya baleti mtandaoni: uzoefu wangu

Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima nitaieleza. Ni kozi ya video kwa watu wazima, na inahusu mikono na viganja tu. Hakuna somo hata moja la miguu. Mwalimu wake alifunzwa kwa mtindo wa Kirusi wa Vaganova na anafundisha kwa Kiingereza chepesi. Jina la kozi naliacha, maana ninayoyasema hapa yatakusaidia kupima kozi yoyote ya aina hii kabla hujatoa kadi ya benki.

Mimi nahudhuria darasa la watu wazima hapa Nairobi, Jumamosi asubuhi. Kama madarasa mengi ya namna hiyo, muda wote unaliwa na miguu. Mikono unaambiwa "pandisha", "fungua", basi, muziki umeshaanza.

Kozi hii inaanzia mgongoni. Unapitisha utepe wa mpira chini kidogo ya makombe ya mabega, unashika ncha zake, kisha unafungua mikono pembeni ukishindana nao. Utepe wa mazoezi sikuwa nao, nikamwomba fundi wa baiskeli anikatie tyubu kuukuu. Inanuka na inaacha weusi viganjani, lakini kazi inaifanya. Ukifungua kwa nguvu ya mabega, yanapanda hadi karibu na masikio. Ukifungua kwa mgongo, shingo inabaki ndefu na mkono unakuwa mwepesi ghafla. Kesho yake nilisikia maumivu chini ya kwapa, wala si begani, na mwalimu alikuwa ameshasema ndivyo inavyotakiwa.

Mkono wa pembeni ndio ulionifaidi zaidi. Hauendi mstari mmoja na mabega; unakaa mbele kidogo, kiasi cha kuuona kwa pembe ya jicho huku unatazama mbele. Unateremka taratibu: bega juu ya kiwiko, kiwiko juu ya kifundo cha mkono, ili tone la maji likidondoka begani lifike vidoleni bila kumwagikia njiani. Kiwiko kikilegea tu, tone limekwisha. Kidole gumba kinaelekea cha kati bila kukibana, kidole cha shahada kinarefuka kidogo kuliko wenzake. Mwalimu anakaa kwenye vidole hivi muda mrefu, kwa karibu kabisa, mpaka mtu asiye mgonjwa wa baleti angezima. Mimi nilirudisha nyuma nikatazama tena.

Sehemu ya mizunguko ni fupi ila ina maana. Kwenye pirueti, yaani kuzunguka ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, mikono inafungwa mbele ya kifua, na hapo ndipo kasi inapoongezeka, kwa sababu uzito umesogea karibu na mhimili wa mwili. Ukichelewa kuufunga mkono wa pili unapoteza kasi hiyo, na ukiurusha kwa fujo unaanguka.

Somo ambalo peke yake lingeniridhisha kwa pesa yangu ni lile la mikono inayosimulia. Katika baleti za zamani mikono ina lugha yake: kuzungusha viganja kimoja juu ya kingine juu ya kichwa ni kualika watu wacheze, kuonyesha kidole cha pete ni ndoa, mikono iliyokunjwa ngumi na kukatizwa mbele ya mwili ni kifo. Mwalimu anachukua simulizi ya Odette katika Swan Lake, ambayo baadhi ya makundi huicheza na mengine huiruka: malkia wa mabata maji anaonyesha ziwa, kisha anashusha vidole mashavuni, kueleza kwamba maji yale ni machozi ya mama yake. Halafu linakuja bawa. Watu wengi hupepea viganja tu. Bawa la kweli linaanzia kwenye kombe la bega, kiwiko kinatangulia kupanda, kifundo kinafuata, vidole vinafika mwisho kabisa wakati kiwiko kimeshaanza kushuka. Mtunzi wa dansi Lev Ivanov alipotunga matukio ya ziwani kwa onyesho la St. Petersburg la 1895, alijua anachokifanya!

Sasa ile nyota. Kwanza, namba zinazotumika kutaja mikao ya mikono. Darasani kwetu tunafuata mtaala wa Royal Academy of Dance ya London, na mikono miwili iliyo juu ya kichwa tunaiita ya tano. Wafuasi wa Vaganova wanaiita ya tatu. Kozi haikusema lolote kuhusu tofauti hiyo, na mgeni atafika darasani aambiwe "ya tatu" afanye kitu kingine kabisa. Pia inazungumza kana kwamba mkono sahihi ni mmoja tu duniani. Wacheza dansi wa mtindo wa mtunzi George Balanchine kule New York huachanisha vidole kila kimoja kionekane, na wenyewe si wajinga.

Pili, na hili ndilo lililoniudhi: kamera iko mbele tu. Mwalimu anahubiri mgongo toka mwanzo hadi mwisho, na mgongo wake hatuuoni. Niliwaandikia, nikajibiwa kwa upole kwamba maoni yangu yamepokelewa. Video hazipakuliki, kwa hiyo kila ukirudia somo unakula bando upya.

Kama hujawahi kusimama darasani hata siku moja, subiri kwanza, kwa sababu hakuna wa kukusahihisha. Kama una mwaka hivi wa mazoezi na mikono yako bado inaning'inia, nunua. Vaa fulana iliyo wazi mgongoni, weka simu juu ya kabati nyuma yako, jirekodi, halafu tazama makombe ya mabega kabla hujatazama kitu kingine chochote.