Nilivyouza Primogem zangu kwa kangomba: uzoefu wangu na Genshin Impact

Mimi ni wakala wa fedha kwa simu hapa Chikongola, Mtwara mjini. Kutwa nahesabu hela za watu, na malipo ya korosho yakiingia foleni inatoka nje hadi barabarani. Ungedhani mtu kama mimi anajua matumizi. Haya, soma.

Genshin Impact, gemu la vita na safari, nilianza kuicheza 2022, wakati imeshatoka tangu Septemba 2020. Kupakua ni bure, ila inakula zaidi ya GB 20, kwa hiyo niliiacha ishuke usiku kucha nikafuta picha zote za harusi ya dada. Mapigano matamu, muziki mzuri, dunia pana. Kwa hayo sina neno. Shida yangu ilikuwa Primogem, vito vya ndani ya gemu vya kununulia bahati nasibu ya wahusika.

Huku kwetu mkulima akibanwa kabla ya mavuno na mnada wa korosho, anakuja mtu wa kangomba: anakupa hela kidogo leo, korosho zikianguka anazizoa zote. Ni marufuku, lakini njaa haisomi matangazo. Mimi nilijipiga kangomba mwenyewe, tena bila njaa. Kila mvuto mmoja, yaani kujaribu bahati mara moja, ni Primogem 160. Unavuta kwenye bango, yaani orodha ya wahusika wanaoweza kutoka. Kuna bango la msimu, ambalo mhusika unamwona kabla hujavuta, na kuna la kudumu, ambalo unapewa yeyote. Nilikuwa namtaka Hu Tao, mhusika wa moto. Hakuwa kwenye bango wakati ule, mikono ikaniwasha, nikamwaga 12,000 kwenye bango la kudumu. Mvuto wa 75 akatoka Qiqi. Kitoto kinachoponya wenzake, sawa, lakini mimi nilitaka moto.

Miezi michache baadaye Hu Tao akarudi. Mfukoni nina 900.

Ndipo nikakaa chini na kalamu. Nafasi ya kupata nyota tano, yaani mhusika wa daraja la juu, kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6, na ukifika mvuto wa 90 lazima atoke. Akitoka, inawezekana asiwe yule uliyemfuata. Hapo anayefuata ndiye, hakuna ubishi. Hesabu ya mivuto yako haifutwi bango likibadilika, inahamia bango la wahusika la msimu unaofuata. Kwa hiyo, bahati ikikukimbia kabisa, unahitaji mivuto 180, yaani Primogem 28,800. Kazi za kila siku zinakupa 60, mwezi mzima 1,800. Matukio na ramani vinaongeza, lakini unaona mwenyewe urefu wa safari. Na wala usidharau nyota nne: mhusika Xiangling unapewa bure ukimaliza ghorofa ya tatu ya Spiral Abyss, mnara wa mapigano, na amenibeba kuliko Qiqi wangu wa 12,000.

Ukitaka kutoa hela halisi, toa kwenye Welkin Moon tu, kifurushi cha mwezi. Ni dola 4.99: unapata fuwele 300 papo hapo (kila moja unaigeuza Primogem moja), na Primogem 90 kila siku kwa siku 30. Jumla 3,000. Hela hiyohiyo ukinunua fuwele moja kwa moja unapata 330. Ila lazima uingie kila siku. Siku usiyoingia, 90 zake hazikusubiri.

Na nunua ndani ya gemu lenyewe. Niliwahi kumtumia mtu kwenye kundi la WhatsApp aliyedai ana fuwele za nusu bei. Hela ilifika, yeye akapotea. Mimi, wakala, niliyebandika dirishani karatasi ya kuonya wateja wasitume hela kwa wasiowajua! Sijamwambia mtu hapa mtaani.

Resin, nguvu unayotumia kuchukua zawadi, nilifundishwa na mpwa wangu wa Newala. Inajaa moja kila dakika 8, mwisho 200, na bila hiyo huchukui zawadi za mabosi, wale maadui wakubwa. "Mjomba," akaniambia, "hili si tangi la mvua? Likijaa, inayofuata si inamwagika chini?" Kwao maji ya mvua yanakingwa, hakuhitaji maelezo marefu. Sasa natumia asubuhi kabla ya kufungua kibanda, na usiku baada ya kufunga.

Mora, hela ya ndani ya gemu, nayo inadanganya kwa sababu inaonekana nyingi. Kumtoa mhusika ngazi ya 80 hadi 90 kunakula zaidi ya 680,000, na nguvu inayoongezeka ni ndogo mno. Wangu wote wamekaa 80. Vifaa vya nyota tano, wanavyovaa wahusika, navipandisha hadi ngazi ya 8 kwanza nione vinaelekea wapi, maana kukifikisha kimoja 20 ni Mora kama 270,000, na vingi ni takataka.

Gemu naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki na Qiqi.

Leo nina Primogem 21,300. Mpwa kila jioni anauliza, "Mjomba, hatuvuti hata kumi tu?" Namjibu mnada bado.