Kompyuta wayalesi kwa baiskeli ya kulala: pima umbali kwanza kabla hujatoa hela

Hii ni kwa mwenye baiskeli ya kulala, zile Waholanzi wanaita ligfiets, unakaa umeegemea siti na miguu inapiga pedeli huko mbele. Mi naishi Almere, Uholanzi, yangu naiendesha mwaka wa tatu sasa, kazini na kurudi na Jumamosi safari ndefu, na kwenye kompyuta ya baiskeli, kile kiskrini cha kuonyesha spidi na umbali, nimepoteza hela na muda mwingi sana maana madukani wanakupa kitu kilichopimwa kwa baiskeli ya kawaida, na hii yetu umbo lake ni lingine kabisa.

Ya kwanza nilinunua euro 45. Kampuni siitaji maana sasa hivi iko kwenye baiskeli ya mke wangu na inafanya kazi vizuri tu. Ni ya mfumo wa zamani, sumaku ndogo unafunga kwenye spoki, sensa, yaani kidude cha kuhisi, kwenye uma wa mbele, kila sumaku ikipita sensa inarusha mawimbi kwenye skrini. Sebuleni nilizungusha gurudumu skrini nimeishika mkononi, namba zikaja, nikalala na furaha. Kesho yake barabarani nimeifunga kwenye usukani inaonyesha spidi 22 kwa saa, mara 0, mara 19, mara 0, 0, 0. Nikarudi kusoma karatasi yake, mwisho wa umbali sentimita 70. Nikachukua futi nikapima toka sensa mpaka skrini, sentimita 94. Ndo hapo nikaelewa. Baiskeli ya kawaida usukani uko juu ya gurudumu la mbele, karibu kabisa, ila kwetu gurudumu liko huko chini ya magoti na usukani umerudi kifuani. Kusogeza sensa juu nako haiwezekani, gurudumu la mbele ni inchi 20, spoki zenyewe fupi, hakuna pa kwenda.

Nikaihamishia skrini kwenye fremu chini ikashika, lakini nikipita chini ya zile nyaya kubwa za umeme kuelekea mji wa Lelystad namba zinaruka, na usiku nikiwasha taa ya LED iliyofungwa pembeni yake inazima kabisa. Mawimbi ya ule mfumo ni dhaifu, vitu vya umeme vya karibu vinaweza kuyavuruga.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa baiskeli ya kulala, usinunue tena mfumo huo hata ukiukuta bei chee. Tafuta iliyoandikwa ANT+ au Bluetooth, mifumo ya kisasa ya kurusha data bila waya. Hizi kila sensa ina namba yake, ukishaiunganisha mara moja kompyuta inasikiliza hiyo tu, na mita moja au mbili kwake si kitu.

Mi sasa natumia Garmin Edge 130 Plus, nimeipata mtumba Marktplaats, ile tovuti ya Kiholanzi ya kuuziana vitu, pamoja na sensa zao mbili, Speed Sensor 2 na Cadence Sensor 2. Ya spidi inavishwa kwenye habu, pale katikati ya gurudumu, kwa mpira, haina sumaku wala haigusi spoki, ya pili, ya kuhesabu mizunguko ya pedeli, inafungwa kwenye krenki, ule mkono wa pedeli. Zote zinatumia betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu ambayo unaipata supamaketi. Habu yangu ya mbele ina dainamo ndani, nene, mpira ulikuwa unavutika mno nikaogopa utakatika, nikaihamishia sensa gurudumu la nyuma na toka hapo sijaigusa.

Angalizo kubwa, kuna sensa zinazopima spidi na pedeli kwa pamoja, kidude kimoja kinafungwa kwenye fremu kati ya krenki na gurudumu la nyuma. Kwetu hiyo haifai hata kidogo!! Krenki iko mwisho kabisa mbele na gurudumu la nyuma liko mgongoni kwako, kidude kimoja kitavifikiaje vyote viwili. Chukua sensa mbili tofauti.

Na ile ya pedeli usiiache kwa kubana matumizi, kwangu ndo muhimu kuliko hata spidi. Kwenye baiskeli ya kawaida mlima ukikushinda unasimama, unaweka uzito wako wote kwenye pedeli. Ukiwa umelala huwezi kusimama, unachofanya ni kusukuma siti kwa mgongo na nguvu yote inapita kwenye magoti. Mwaka wa kwanza nilikuwa naendesha na gia nzito, mizunguko 60 kwa dakika au pungufu, ikifika jioni goti la kulia linawaka moto, ngazi za nyumbani nashuka nimeshikilia ukuta. Sasa nikiona namba imeshuka chini ya 80 napunguza gia hapohapo, nakaa kwenye 85 mpaka 90. Tuta la kuzuia maji la Houtribdijk toka Lelystad mpaka Enkhuizen, kama kilomita 26 za upepo mtupu usoni, nimelipita mara kadhaa bila goti kunisumbua.

Suala la saizi ya gurudumu nalo watu wengi wanalipita juujuu. Ile kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa imesetiwa mzunguko wa gurudumu milimita 2105, hiyo ni 700x25, tairi la baiskeli ya mashindano. Tairi la 20x1.75 kwenye majedwali ni 1515. Maana yake ukienda 24 yenyewe inakuandikia 33. Jedwali linasaidia ila bora upime mwenyewe, na upime ukiwa umekaa, maana tairi linabonyea kwa uzito wako. Tulifanya barazani, nikachora mstari wa chaki kwenye tairi na sakafuni, nikakaa, mke wangu akashika baiskeli nyuma akaisukuma taratibu mpaka mstari ukarudi chini, akaweka alama ya pili. 1502. Tofauti ndogo, ila kwa kilomita 100 ni mita 800 na ushee. Hii ya Garmin inaweza kujipimia gurudumu yenyewe kwa GPS, ila mi nimeweka namba ya gurudumu la nyuma kwa mkono.

Mtu atasema GPS si inatosha bila sensa. Inatosha kama hujali, ila chini ya miti mingi na ukiingia chini ya daraja spidi inayumba, na mizunguko ya pedeli haiwezi kukuambia.

Skrini yake ni ndogo, inchi 1.8, haina rangi, na ramani ni mstari tu wa njia. Kwetu skrini inakaa mbali kidogo na macho kwa hiyo nimeweka namba tatu tu zijae kioo kizima, spidi, pedeli, umbali. Usukani wangu umeinama, ukiifunga kawaida inatazama mawinguni na jua linapiga kioo husomi kitu, nikakata kipande cha tyubu ya zamani nikakikunja mara tatu nikaweka chini ya kishikio, ikageukia usoni.

Wa magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, sensa ya spidi wekeni gurudumu la nyuma. Yale mawili ya mbele kwenye kona moja linakimbia kuliko jingine.