Angalisho kwa batu ba labo hapa Lubumbashi: protini ya vidole vya zinki ya huyu muuzaji ni feki

Bandugu na badada, hasa nyinyi banafunzi benye kuandika memuari na teze, kuna muuzaji mumoja anazunguka mu magrupu ya WhatsApp ya hapa Lubum, anaweka picha za vichupa vya kifuniko cha bluu, anasemaka eti ana protini za binadamu rekombinanti (zenye kutengenezwa mu labo), zile za vidole vya zinki, njo protini zenye sehemu ndogo kama vidole zenye kushika zinki na kukamata DNA, stoki iko Bel-Air, unalipa leo kesho unachukua. Musilipe. Bei yake ni karibu nusu ya ile ya Ulaya, na anataka makuta yote mbele, kwa simu, faktire hakuna. Ukimuuliza bureau yake iko avenue gani anaanza "papa, papa, tulia" na anageuza maneno.

Mwanafunzi mumoja alileta kichupa chake kwetu ku labo kabla hajakitumia. Kilifika mu sashe nyeusi na maji ya barafu ilishayeyuka kitambo, lebo imelowa, ukiipitisha kidole wino unatoka. Ingekuwa poda kavu ningenyamaza, ile inavumilia safari, lakini hii ni ya maji na sertifika yenyewe (karatasi ya muuzaji ya kuonyesha ubora) inasema ikae ku digrii -20 au -80. Muuzaji alisema ilitoka Marekani na ndege ya Addis, halafu mu odio ingine akajisahau akasema ilichelewa Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia. Kasumbalesa na foleni yake ya malori, mu joto ya mwezi wa kumi! Haya.

Tukaipitisha ku jeli, yenye kupanga protini kufuata uzito wake, nzito juu, nyepesi chini. Sertifika inasema uzito ni karibu kilodaltoni 20, usafi zaidi ya 90%. Baada ya Coomassie, rangi ya kuonyesha protini, pale ku 20 hakuna kitu, peupe kabisa, msitari mumoja munene uko juu ku 66 hivi, sawasawa na albumini ya ng'ombe tuliweka pembeni. Ile ile albumini tunatumia kila siku kwa Bradford (kupima kiasi cha protini), yenye kuuzwa kwa gramu, naye anaiuza kwa mikrogramu! Tulipomutumia picha akajibu eti protini tatu zimeshikana. Na SDS, na DTT, zile dawa za kuachanisha protini, na tumechemsha ku digrii 95? Aende akadanganye bengine.

Sertifika nayo ni ya kukopi. Nambari ya loti ku karatasi na ile ya ku kichupa hazifanane, na nambari ya UniProt, ile orodha ya protini ya ku interneti, ukiitafuta (ni bure, simu tu inatosha) inakupeleka ku protini ingine kabisa. Jina la protini yenyewe hakuandika, ameandika tu "vidole vya zinki ya binadamu". Sisi binadamu tuko na zaidi ya jeni 700 za aina hiyo, kwa hiyo ni kama kwenda Katuba kuuliza nyumba ya Ilunga. Tena ku bafa, yale maji yenye protini ndani, ameandika EDTA, milimola 5. Kidole kimoja ni asidi amino karibu 30, mara mingi sisteini mbili na histidini mbili njo zinashika zinki, ukiiondoa kidole kinalegea hakikamate tena DNA, na EDTA kazi yake ni kunyonya metali. Hiyo peke yake haionyeshe wizi, kuna bauzaji ba kweli wanaiweka kidogo, lakini hata wale mimi ningebauliza kwanza.

Kitu inanikasirisha zaidi: nasikia sasa anapita mu mafarmasi za Kampemba akisema ni sindano ya zinki ya kuongeza nguvu ya mwili. Bamama, tafazali! Hata ile ya kweli, mara mingi inatengenezwa mu bakteria, na ni kwa kazi ya labo tu, haiingie mu mwili wa mutu. Zinki ya mtoto mwenye kuhara ni kidonge, siku 10 mpaka 14, munaipata ku santé ya karibu.

Kama ulishalipa, usitupe kichupa. Weka mu kongelateri, chunga lebo, odio na mesaje ya malipo, kisha uniandikie inboksi nikutumie picha ya jeli yetu, juu tuko tunakusanya za batu bote twende nazo ku polisi pamoja.