TanzLII kwenye kesi za jinai: inatafuta vizuri, haikupimii hukumu

Kwa anayeandaa rufaa ya jinai Tanzania, TanzLII ndiyo pa kuanzia. Ni tovuti ya Mahakama ya Tanzania, inatoa hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu bure, na hukumu nyingi zina PDF ya kupakua.

Tafuta kwa hoja, usitafute kwa jina. Majina ya warufani yanafanana mno. Hukumu nyingi bado zimeandikwa Kiingereza, hata baada ya marekebisho ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Kwa hoja ya utunzaji wa vielelezo, andika "chain of custody" ndani ya alama za nukuu. Ukisahau alama hizo utaletewa hadi mashauri ya malezi ya watoto. Kisha chuja kwa mahakama na mwaka.

Sasa tatizo. Wengi wakishaipata Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, wanaridhika na kanuni yake: kielelezo kiwe na kumbukumbu za mfululizo tangu kukamatwa, kutunzwa na kukabidhiwa hadi kufika kortini. Lakini Joseph Leonard Manyota, Rufaa Na. 485 ya 2015, ililegeza kamba kwa vitu visivyo rahisi kuchezewa, na Issa Hassan Uki, Rufaa Na. 129 ya 2017, ikayaweka meno ya tembo kwenye kundi hilo. Ukisimama na Maduka peke yake kwenye kesi ya nyara za Serikali kama meno ya tembo, wakili wa Serikali atakumaliza kwa hizo mbili. Kwenye kesi ya dawa za kulevya, kama unga au bangi, Maduka bado ina makali. Tovuti haikuwekei alama ya kukuonya kuhusu haya, kwa hiyo panga matokeo kuanzia mapya na usome kurudi nyuma.

Upungufu mwingine ni kwamba unapata hukumu, si mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa na kufanyika mahakamani. Robinson Mwanjisi [2003] TLR 218 (TLR ni Tanzania Law Reports) inataka hati isomwe kwa sauti baada ya kupokelewa kama kielelezo. Ikirukwa hatua hiyo, hati hufutwa kwenye kumbukumbu. Kama ya mteja wako ilisomwa au la, jibu liko kwenye mwenendo uliochapwa, na huo unaufuata masijala.

PDF za zamani ni za kuskani, baadhi zimefifia, na neno likisomwa vibaya na mashine hutalipata kwa utafutaji. Jaribu maneno mawili matatu ya hoja ileile kabla ya kusema hakuna uamuzi. Namba za vifungu pia zilinganishe na Toleo la 2023 la sheria, lililoanza kutumika Julai 1, 2025.

Unaponukuu, weka namba ya rufaa pamoja na namba ya rejea ya TZCA (Mahakama ya Rufani) au TZHC (Mahakama Kuu), na utaje ukurasa wa PDF iliyosainiwa.