Uzoefu wangu: Fundi aliyekagua meko na dohani ya nyumba yetu Birmingham

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hasa mnaoishi katika nyumba kongwe za matofali, nataka kuwaeleza kazi ya fundi wa dohani tuliyemwita nyumbani kwetu Birmingham: alichokifanya, tulichomlipa, na kwa nini naona pesa ile ilikwenda mahali pake. Nitangulize matokeo. Ametuandikia kwamba meko ya sebuleni yasiwashwe. Hata hivyo nampendekeza kwa moyo mmoja.

Nyumba yetu ni ya miaka ya 1890, moja katika safu ndefu, imebanwa na majirani kushoto na kulia. Juu ya paa kuna mnara wa matofali tunaoshirikiana na jirani wa upande mmoja, na juu ya mnara vyungu vya udongo vimepangwa, kila chungu ni mdomo wa njia yake ya moshi. Zama hizo karibu kila chumba kilikuwa na meko yake ya mkaa wa mawe. Ukaja ule moshi mzito ulioifunika London Desemba 1952 na kuua maelfu ya watu, ikatungwa Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956, kisha watu wakahamia gesi na meko mengi yakazibwa. Ya kwetu vyumbani juu yalizibwa pia. Ya sebuleni yalibaki wazi, na vigae vyake vya maua pembeni, na gesi ilipopanda bei mke wangu akasema kwa nini tusiyatumie kuchoma kuni.

Kwetu Tanga mambo haya hayapo. Ukipanda Lushoto utaziona nyumba za kikoloni zenye dohani, lakini pwani moshi hutoka dirishani na upepo unaumaliza. Kwa hiyo tulianza kwa kuuliza.

Jambo la kwanza nililolijua, na nadhani wengi hawalijui: yule mkaguzi anayekuandikia ripoti unaponunua nyumba hapimi dohani. Anaitazama kutoka chini, anaandika kwamba njia za moshi hazikupimwa, anakushauri utafute mtaalamu. Sentensi hiyo imefichwa katikati ya kurasa nyingi. Ripoti yetu ilikuwa nayo.

La pili, kazi hii haina leseni ya lazima hapa. Yeyote anaweza kununua brashi na gari akajiita fundi wa dohani. Kinachokusaidia ni vyama vya hiari ambavyo hufundisha na kukagua wanachama wao, kama vile Guild of Master Chimney Sweeps na National Association of Chimney Sweeps, pamoja na HETAS inayosajili mafundi wa majiko ya kuni na mkaa. Tovuti zao zina orodha, unaandika msimbo wa posta wako na majina ya mafundi wa karibu yanakuja. Muulize fundi kama ana bima. Muulize pia kama atakuachia cheti, maana kampuni nyingi za bima ya nyumba hukitaka siku moto ukitokea.

Tulianza na kampuni moja ambayo jina lake naliacha. Alikuja kijana mmoja, akainama mbele ya meko, akamulika kwa tochi ya simu, akasema dohani imekwisha, inahitaji bomba jipya la chuma kutoka chini hadi juu, paundi elfu tatu na mia nne, na punguzo lipo tukisaini siku ile ile. Hakufagia. Hakuwasha kidonge cha moshi cha kupimia kama dohani inavuja. Hakwenda hata nje kuutazama mnara. Kilichoniuma zaidi ni kwamba huenda jibu lake lilikuwa sahihi, lakini hakuwa na namna ya kulijua. Mtu anayelipwa kwa kukuuzia bomba usimwachie peke yake kazi ya kukuambia kama unalihitaji.

Fundi wa pili tulimpata kwenye orodha ya chama. Mzee wa makamo, mpole, anajitegemea, haweki mabomba wala hauzi majiko. Hilo peke yake lilinipa imani. Alituambia kwenye simu tusiwashe kitu, tuondoe vitu mbele ya meko, tumwachie nafasi ya mkeka. Alipofika alitandika shuka nzito sakafuni kutoka mlangoni hadi ukutani, akaziba mdomo wa meko kwa kitambaa chenye tundu la kupitishia fimbo, akaweka kifyonza vumbi kikubwa pembeni. Sebule yetu ina zulia la rangi ya maziwa. Alipoondoka halikuwa na doa.

Kwanza alianza kwa maswali tu: aliuliza nyumba ilijengwa lini, nani alikaa kabla yetu, kuna chumba gani kinachonuka masizi mvua ikinyesha, kuna ukuta wowote wenye madoa ya kahawia. Lipo doa kama hilo chumbani kwa watoto. Tulidhani ni maji ya paa. Akasema tutafika huko.

Kisha akafagia. Anasukuma fimbo moja, anaunganisha nyingine, brashi inapanda inazunguka, na ukitoka nje unaiona ikichomoza juu ya chungu. Aliniomba nitoke nikaione kweli, ili niwe na uhakika imefika mwisho. Yalishuka masizi ya ndoo nzima, vijiti, manyoya, na vipande vya chokaa. Vijiti ni viota vya kunguru wadogo wa huku, wanaopenda sana vyungu vya dohani. Akatueleza kwamba kama kiota kingekuwa na mayai au makinda asingekigusa, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakilinda kiota kinachotumika. Vile vipande vya chokaa ndivyo vilivyomfanya akunje uso. Dohani za zamani zilipakwa chokaa kwa ndani ili moshi usipenye katikati ya matofali. Miaka ya moshi wenye asidi huila chokaa hiyo, na ikianza kudondoka matofali hubaki na mianya.

Hapo ndipo likaja jaribio la moshi, na ndilo nililotamani kila mwenye nyumba alione. Aliipasha joto njia ya moshi kwanza, maana hewa baridi ikikaa ndani ya dohani hukaa kama kizibo. Akawasha kidonge kinachotoa moshi mweupe mwingi, akakiweka ndani ya meko, akauziba mdomo wake. Akanipeleka barabarani. Moshi ulitakiwa utoke chungu kimoja. Ulitoka viwili. Akarudi ndani haraka, akapanda chumba cha watoto, akaweka mkono kwenye ukuta wenye doa, na pale pembeni ya ubao wa chini moshi ulikuwa unapenya polepole, mweupe, mwembamba. Akaniomba nimgongee jirani, mama mmoja wa Kipakistani tunayeheshimiana sana, tuangalie chumba chake cha juu. Kwake hakukuwa na kitu, nikamshukuru Mungu.

Maana yake ni hii. Ndani ya mnara mmoja kuna njia kadhaa, na kati ya njia na njia kuna ukuta mwembamba wa tofali moja tu. Ukuta huo kwetu umebomoka mahali fulani. Kama tungewasha moto sebuleni, sehemu ya moshi ingepanda ikaingia njia ya chumba cha watoto, iliyozibwa kwa ubao na karatasi. Moshi unauona, unanusa, unakimbia. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotokana na moto, huioni wala huinusi. Inashika damu mahali pa oksijeni, mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu na kizunguzungu, anadhani ni mafua, akitoka nje anapata nafuu, akirudi ndani hali inarudi. Aliyelala anaweza asiamke. Hata kwetu, sehemu za baridi, watu hufa kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Ni hewa ile ile. Nilisimama katikati ya vitanda viwili vya watoto nikiutazama ule moshi na sikuweza kusema neno kwa muda.

Alitupa hiari ya kamera, si kwa shinikizo. Tulikubali. Ni kamera ndogo juu ya fimbo, picha inaonekana kwenye skrini sebuleni. Tuliona tofali moja baada ya jingine likipita, viungo vitupu, na mahali njia inapopinda, ufa ambao ungeingia ncha ya kidole. Upana wa njia zile ni kama inchi 9 tu. Akasema katika njia nyembamba kama hizo, kabla nyumba yetu haijajengwa, ndimo walimopandishwa watoto kufagia kwa mikono. Akatutajia mvulana George Brewster aliyekwama katika dohani ya hospitali ya Fulbourn karibu na Cambridge mwaka 1875 akafa, na mwaka huo huo sheria ikakazwa hadi biashara ile ikakoma. Mke wangu alitoka nje ya sebule.

Doa la chumbani nalo alilieleza. Masizi ya mkaa wa mawe huacha chumvi ndani ya matofali, chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewa, na meko yaliyozibwa bila tundu la hewa hayakauki kamwe. Dawa yake kwa kuanzia ni tundu la hewa pale yalipozibwa, pamoja na kofia juu ya chungu inayozuia mvua na kuruhusu hewa. Mwashi wa mtaani alitutengenezea tundu hilo kwa bei ya kawaida na harufu imepungua sana.

Kuhusu kuni, fundi alitueleza jambo ambalo yule wa kwanza hakuligusa kabisa. Birmingham nzima ni eneo la kudhibiti moshi. Kwenye meko ya wazi huruhusiwi kuchoma kuni. Unatakiwa mkaa usio na moshi ulioidhinishwa, au uweke jiko la chuma lililoidhinishwa kwa maeneo haya. Dohani yako ikitoa moshi halmashauri inaweza kukutoza hadi paundi 300. Hata anayeruhusiwa kuchoma kuni anashauriwa achome kuni kavu, zenye unyevu usiozidi asilimia 20. Kuni mbichi huchemsha maji yake kwanza, moshi unapanda ukiwa baridi na kuacha utando mweusi kama lami ndani ya dohani, na utando huo siku moja hushika moto. Kwa hiyo hata bomba la paundi elfu tatu lisingetuhalalishia kile tulichokuwa tunakitaka, na tungeshasaini.

Bei: paundi 80 kwa kufagia, jaribio la moshi na cheti, na paundi 110 zaidi kwa kamera na ripoti yenye picha. Cheti kinataja alichokiona, alichokipima na kwamba dohani haifai kutumika hadi itengenezwe. Ripoti ilichelewa kufika kuliko alivyoahidi, na ilibidi nimkumbushe. Pia tulimsubiri sana kupata nafasi, kwa kuwa tulimpigia Oktoba, wakati nchi nzima inakumbuka dohani kwa pamoja. Anayetaka kupata miadi bila taabu apige simu kiangazi, ndege wakishaondoka kwenye viota.

Wapangaji nao wana haki yao. Hapa England mwenye nyumba analazimika kuweka king'ora cha kaboni monoksaidi katika chumba chenye jiko la kuni au mkaa, na tangu Oktoba 2022 hata chumba chenye boila ya gesi. Mwandikie, usiogope. Sisi tumeweka ving'ora sebuleni, jikoni penye boila na chumbani kwa watoto, vyenye alama ya EN 50291. Kikiwekwa darini kiwe angalau sentimita 30 kutoka ukutani, na kiwe mita moja hadi tatu kutoka kwenye jiko lenyewe.

Meko yetu sasa yana mimea na taa ndogo. Siku tukipata pesa ya kuweka bomba na jiko lililoidhinishwa, tutamwita kwanza mzee huyu huyu apime kabla ya kazi, na apime tena baada ya kazi, kabla hatujamlipa aliyeweka.