Kompyuta ya Mezani ya Mtumba: Kipi Kinunuliwe Kwanza Fedha Zikiwa Chache

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, ni mashine zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, hasa Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na prosesa zake (ubongo wa kompyuta) bado zinamudu kazi za kawaida za ofisi, shule na biashara ndogo. Kasoro ni kwamba mara nyingi huuzwa zikiwa na diski ngumu ya zamani na RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) ya GB 4, kwa hiyo mnunuzi huanza kulalamikia kujivuta kwake kabla hata hajaizoea. Mwongozo huu unavipanga vifaa vya kuongeza kwa kufuata nafuu ambayo mtumiaji ataiona kwa fedha atakayotoa. Mifano yetu mikuu ni Dell OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1, mashine za mwaka 2013 zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, ingawa mengi yanahusu pia zile zilizotangulia na zilizofuata.

Kabla ya kwenda dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya prosesa, RAM na diski), kisha endelea na kazi zako za kila siku huku ukitazama takwimu zake. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 ilhali prosesa haijafika hata asilimia 20, usikubali muuzaji akushawishi kununua prosesa. RAM nayo ikiwa imejaa hadi asilimia 90 na ushee wakati umefungua kurasa chache tu za intaneti, umekwisha kujua kasoro ya pili iko wapi.

Nafasi ya kwanza: diski ya SSD

Hapa hatuna shaka yoyote. Diski ngumu yenye sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika husoma faili kubwa kwa kasi ya takriban MB 100 hadi 150 kwa sekunde, lakini udhaifu wake halisi unaonekana pale Windows inapotafuta maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, kwa sababu kichwa cha kusomea hulazimika kuhama kwa kila faili na diski haiwezi kutimiza zaidi ya maombi mia moja hivi kwa sekunde. SSD, inayohifadhi data kwenye chipu bila kitu kinachozunguka, hutimiza maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huanza kuwaka kwa sekunde chache, bila kuguswa kitu kingine chochote.

Kwa mashine za kizazi cha nne, nunua SSD ya SATA (inayotumia kebo zilezile za diski ngumu) ya inchi 2.5. Muuzaji anaweza kukuonyesha ile ya NVMe, nyembamba kama kipande cha ubani, na kukueleza kwamba ina kasi mara kadhaa zaidi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini OptiPlex 9020 haina nafasi ya kuichomeka kwenye mazabodi (bodi kuu) yake, na hata ukiiweka kwa adapta, kuiwasha Windows kutoka humo ni kazi ya kubahatisha. GB 240 zinatosha kwa Windows, programu za ofisi na nyaraka. GB 480 au 500 ndizo tunazozipendekeza kwa anayehifadhi picha na video. Crucial, Kingston, Samsung na WD ni majina ya kutegemewa, mradi kifaa chenyewe kisiwe bandia. SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 240 ni ya kuiacha hapo hapo, kwa kuwa kuna bidhaa zilizochezewa ili zijitangaze kuwa na nafasi zisizokuwa nayo, na faili huanza kupotea bidhaa hizo zinapojaa. Ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji aichomeke na kuifungua programu ya bure ya CrystalDiskInfo, ambayo kwa kawaida huonyesha hali ya diski na idadi ya saa ilizokwisha kuwashwa.

Kuifunga si kazi ngumu. Ndani ya Dell, vishikizo vinavyofunguliwa kwa mkono bila bisibisi vina rangi ya buluu, na ndani ya HP vina rangi ya kijani. Ukivifuata hivyo utaifikia diski kwa urahisi. SSD ni ndogo kuliko kitanda cha diski ya inchi 3.5, kwa hiyo ulizia fremu ya kuishikilia, na ukiikosa, gundi ya utepe wa pande mbili inatosha kwa kuwa kifaa hakitikisiki. Kama unataka kubaki na diski ya zamani kama ghala la faili, hakikisha kwanza kwamba umepata kebo ya pili ya data na plagi ya umeme ya kuilisha, jambo ambalo katika makasha madogo halipatikani kila mara. Anayehamisha Windows kwa Clonezilla (programu ya kunakili diski nzima) asiubadilishe mpangilio wa SATA kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), kwa sababu mara nyingi Windows hugoma kuwaka baada ya mabadiliko hayo.

Nafasi ya pili: RAM

Lengo la chini ni GB 8, na GB 16 ni kwa anayehariri picha au kufungua kurasa nyingi za intaneti kwa wakati mmoja. OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 zisizo za umbo dogo kabisa zina nafasi nne za RAM na hupokea hadi GB 32 za DDR3 (aina ya RAM ya mashine hizo), ilhali OptiPlex 3020 ina nafasi mbili na kikomo chake ni GB 16. Nunua vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, kwa sababu vikifanya kazi kwa jozi hupitisha data kwa upana maradufu, na picha za kwenye skrini hutegemea RAM hiyo hiyo pale ambapo hakuna kadi ya michoro (kifaa cha kutengeneza picha chenye kumbukumbu yake).

Jihadhari na RAM za seva, ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia mno na kwa umbo zinafanana na za kawaida, lakini zile za aina ya RDIMM haziwashi mashine hizi kabisa. Jihadhari pia na kizazi cha sita: OptiPlex 3040 hutaka DDR3L ya volti 1.35, na OptiPlex 7040 hutaka DDR4, isiyoingia kwenye nafasi ya DDR3.

Nafasi ya tatu: prosesa iliyotumika

Kwa mwenye i3-4130, yenye viini viwili (sehemu za kufanyia kazi ndani ya prosesa), kuhamia i5-4570 yenye viini vinne ni hatua ya maana, kwani zote hukaa kwenye soketi ileile ya LGA1150. Aliye na i5 tayari hana haja ya kuhangaikia i7-4770 isipokuwa anahariri video. Nunua pamoja na krimu mpya ya kupitisha joto, na usafishe vumbi la feni kwa siku hiyo hiyo.

Nafasi ya nne: kadi ya michoro

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine) ya OptiPlex 9020 yenye kasha dogo ni ya wati 255, haina waya wa ziada wa kulisha kadi, na plagi yake kwa mazabodi si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kuchukua pawa saplai yoyote dukani ukaichomeka bila adapta. Kasha hilo pia hupokea tu kadi zenye kimo kifupi (low profile). Kwa hali hiyo kadi ya GT 1030, inayotumia takriban wati 30, ndiyo chaguo la busara, lakini soma sanduku lake kwa makini: ile yenye kumbukumbu ya DDR4 iliyotoka mwaka 2018 ni dhaifu sana kuliko ile ya GDDR5, ilhali jina ni lilelile. Asiyecheza michezo aiache nafasi hii wazi.

Kikomo cha matumizi

Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka rasmi prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea pamoja na TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya mashine). Kwa hiyo mashine ya kizazi cha nne inastahili SSD na RAM, na labda Linux Mint (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows) kwa asiyefungwa na programu za Windows. Kama jumla ya unachotaka kununua inazidi nusu ya bei ya mashine ya kizazi cha nane, ishia kwenye SSD na uweke akiba kilichobaki, kwa kuwa SSD ya SATA utaihamishia kwenye kompyuta ijayo, ilhali DDR3 na prosesa ya soketi ya zamani zitabaki humo humo.